Ukurasa wa Saba, Uliposhusha Mikono

Mwalimu wangu Konrad,

Hii ni mara ya nne naianza barua hii. Ya kwanza niliiandika nyuma ya karatasi ya kukatia kola, nikaikata pamoja na kola. Ya pili na ya tatu nilizichana mwenyewe kwa sababu zilijaa adabu nyingi mno, na wewe hukupenda mtu akikuongelesha kama anaongea na askofu. Leo ni Alhamisi. Nimekaa kwenye cherehani yangu hapa Huruma, kibanda kilekile, na mguu wangu unakanyaga hata kama hakuna kitambaa chini ya sindano. Mteja mmoja ameniuliza kama mashine imeharibika. Nimemwambia mashine ni nzima, aliyeharibika ni mimi.

Wiki tatu zilizopita binti yako, Daktari Anke, alituandikia kutoka Ujerumani kwamba umetutoka, asubuhi, ukiwa usingizini. Jumapili hii baada ya ibada ya pili kwaya itakuimbia ile zaburi ndefu uliyotupangia sauti nne, na wamenichagua mimi nisimame mbele. Nimekubali. Tangu nikubali sijatulia hata muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai.

Naiandika barua hii wazi, na nikiimaliza nitampa Njoroge aibandike kwenye ubao wa matangazo kanisani, kwa sababu yaliyosemwa juu yetu wawili yalisemwa wazi. Wasiokuwepo wajue tu hivi. Miaka miwili iliyopita, kwenye tamasha lako la mwisho hapa Eldoret, tulipofika ukurasa wa saba wa zaburi hiyo, ulishusha mikono katikati ya wimbo ukasimama tu. Mimi nikatoka kwenye mstari wa sauti ya pili, nikasimama kando yako, nikainua mkono wangu na kuwaongoza watu mpaka mwisho. Wiki tatu baadaye Anke alikupeleka kwenu kwa matibabu, na hukurudi.

Mama Ruth wa sauti ya kwanza alisema mbele ya kwaya nzima, "Chebet, wewe ulimnyang'anya mzee wa watu kazi yake. Tena kanisani!" Njoroge, seremala wetu anayeimba besi, sauti ya chini, akanitetea. "Mzee alikuwa amesahau, Mama Ruth. Ulitaka tuimbe mpaka tugonge ukuta? Hata mimi ningetoka." Kwaya ikagawanyika, na mpaka leo kuna watu wanaonisalimia wakitazama viatu vyangu. Mimi mwenyewe sijui niko upande gani. Ndiyo maana nakuuliza, ingawa najua huwezi kunijibu. Ulikuwa umesahau, au ulikuwa unasikiliza?

Acha nianzie pale ninapopajua vizuri.

Ulikuja kwangu na koti. Ni miaka kumi na moja sasa. Anke alikuwa akifundisha madaktari hospitalini, na wewe ulikuwa umekuja kumtembelea kwa miezi mitatu. Ulilitoa koti kwenye mfuko wa karatasi, jeusi, lenye mikia miwili nyuma inayofika magotini, na majirani wote wa kibanda wakatoka kuangalia. Ukanisalimia kwa Kiswahili chako cha kitabuni. "Hujambo, bibi mshonaji?" Nilicheka. Nikakwambia hapa hakuna bibi mshonaji, hapa mimi ni fundi. Ukainamisha kichwa ukasema, "Samahani sana, bibi fundi."

Fundi hahitaji kumuuliza mtu maisha yake, anageuza tu nguo ndani nje. Kwapa la kulia lilikuwa limeshonwa mara tatu, na mikono mitatu tofauti. La kushoto halikuwa limeguswa tangu litoke kiwandani. Nikakuuliza, "Mzee, unafanya kazi gani ya mkono mmoja? Unapaka dari rangi?" Ulicheka mpaka ukakaa kwenye benchi la wateja, ukanisimulia uzi mmoja baada ya mwingine.

Uzi wa kwanza ulikuwa wa hariri, mishono midogo ya kubana. Huo ulitoka kwenye mji mdogo ambako baba yako alikuwa mwoka mikate. Uliajiriwa katika jumba la opera pale, upige piano wakati waimbaji wanafanya mazoezi. Nikakuuliza opera ni nini. Ukasema ni mchezo wa kuigiza ambao hakuna anayeongea, wote wanaimba, hata yule anayekufa. Siku moja mwongozaji mkubwa wa pale aliugua tumbo jioni ya onyesho. Wakakuvika koti lake, hili hili, lililokuzidi mabega, wakakusukuma mbele ya wanamuziki ambao wengi wao walikuwa na umri wa baba yako. Kwapa likapasuka katika sehemu ya pili, na hukuthubutu kushusha mkono mtu asije akaona shati lako. Mzee mwenye koti alipona, lakini hakulidai tena.

Uzi wa pili ulikuwa mnene, na chini yake kulikuwa na kipande cha ngozi. Huo ulikuwa wa mji wa bandari kaskazini, jumba kubwa, maonyesho kila wiki, mwaka baada ya mwaka. Fundi wa pale alikuwa mwanamke aliyechoshwa na makwapa ya waongozaji. Aliweka ngozi akakwambia, "Sasa rarua na hii, nikuone." Katika jumba hilo ulikutana na mke wako, mwimbaji wa sauti ya pili, ambaye kila mara alipewa kuwa mchawi au mama mkwe, kwa sababu katika opera sauti ya kwanza ndiyo huolewa. Ulipofika hapo nilikwambia na mimi ni sauti ya pili. Ukanitazama kama mtu aliyekutana na shemeji yake sokoni.

Uzi wa tatu ulikuwa mweupe, umepakwa wino, umepinda kama njia ya ng'ombe. Huo ulikuwa wa mji wako wa mwisho, na okestra yako mwenyewe. Wakubwa wa mji wakaamua kuifunga. Fundi wa nguo akaachishwa kazi kwanza, kabla ya wanamuziki. Mke wako alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kwa hiyo usiku wa mwisho wa okestra ile uliingia ukiwa umejishonea mwenyewe, ukapaka uzi wino ili usionekane, na hakuna aliyeona. Mimi nilikuwa mtu wa kwanza kuona.

Niliutoa ule uzi mweupe, nikashona upya, lakini ule wa hariri na ule wa ngozi sikuzigusa. Ulipokuja kulichukua ukaligeuza, ukasema, "Umeziacha mbili." Nikakwambia hizo ni kazi za mafundi, hii nyingine ilikuwa ni uhalifu. Jumamosi hiyo hiyo nilikupeleka kwenye mazoezi ya kwaya.

Mwalimu, nimeinuka, nimepima suruali ya mtu, nimerudi. Nimekuta nimemwandikia vipimo vya mtu mwingine. Siku tatu hizi kila kitu nakiandika mahali pasipo pake.

Siku ile ya kwanza ya mazoezi sitaisahau. Sisi wengi tulilelewa na mashindano ya kwaya za shule. Mwamuzi amekaa na kalamu yake, na mkono wa mwalimu ukishuka sauti isitoke hapo hapo, alama zimeenda. Sasa wewe ukasimama, ukavuta pumzi, ukashusha mkono, na sisi watu thelathini tukalipuka. Uliruka kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. "Mapema!" ukasema. Ukarudia. Tukalipuka tena. "Mapema!"

Mama Ruth akaweka mkono kiunoni. "Mapema aje, Mzee, na wewe mwenyewe umeshusha mkono?"

Ukatueleza kwamba kwenu mkono unashuka kwanza, na sauti inafuata nyuma kidogo. Katikati kuna nafasi, na ndani ya nafasi hiyo wanamuziki wanasikilizana, kila mmoja anamtafuta mwenzake ndipo wanaingia. "Mkono unauliza," ulisema, "nyinyi mnajibu kabla sijamaliza swali." Tukajaribu. Mkono ukashuka, kimya. Sisi tunakungoja, wewe unatungoja, mpaka Njoroge akashindwa kuvumilia akaingia peke yake kama ng'ombe aliyepotea. Tulicheka tukakosa kuimba kabisa.

Ilituchukua miezi. Tulipoalikwa makanisa mengine watu waliuliza kama tumelala, na Mama Ruth alikuwa akisema, "Mkono umeshafika mjini, sauti bado iko kule kijijini Moiben." Lakini Jumamosi moja, mvua ikipiga mabati, uliushusha mkono na sisi tukaingia kwa pamoja mahali ambapo hapakuwa na mkono. Hakuna aliyetuambia ni sasa. Tulijua tu. Ulivua miwani ukaifuta, ukaivaa, ukaifuta tena. Jumatatu yake ulimwambia Anke kwamba hurudi bado. Miezi yako mitatu ikawa miaka tisa, na nyumba uliyokodi Yamumbi ikajaa makaratasi ya muziki mpaka juu ya friji.

Nyumba hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Mimi niliyeachia shule darasa la nane nilijifunza kuongoza kwa mwiko wa ugali, kwa sababu kijiti cha kuongozea ulichochongewa na Njoroge ulikataa nikiguse mpaka mkono utulie. Ulinikosoa bila huruma. "Unawapigia inzi, Chebet." "Unaosha madirisha." Siku moja nilikurushia huo mwiko nikaondoka, nikafika barabarani, nikarudi kwa sababu nilikuwa nimesahau mkoba. Ulikuwa bado umesimama pale pale, umeuokota mwiko, ukasema, "Hapo umerusha vizuri. Bega limelegea. Sasa fanya hivyo bila kuuachilia."

Halafu kuna Moiben. Ulitaka kumwona mama yangu, tukaenda kwa pikapu yako wakati wa kuvuna mahindi, na Jumapili ukakaa nyuma kabisa katika kanisa lao dogo. Akina mama wa pale hawana kwaya masta. Mama yangu alianzisha, wengine wakamfuata, sauti zikajipanga zenyewe, hakuna aliyesimama mbele. Ukaniuliza kwa kunong'ona, "Nani anawaongoza?" Nikasema hakuna mtu. Hukuamini. Uligeuza kichwa kila upande kumtafuta.

Tukirudi, katikati ya mashamba, ulisimamisha gari kando ya barabara, ukazima injini. Ukanisimulia habari za yule mzee mwenye koti. Katika onyesho lake la kustaafu, kwenye wimbo wa mwisho, alishusha mikono yake akasimama tu. Wewe ulikuwa pembeni, kijana wa piano, ukadhani ameugua tena. Lakini okestra ilienda mbele bila yeye, sawasawa, na yeye amesimama katikati ya sauti amefumba macho. Ukasema hujawahi kusikia tena kitu kama kile katika majumba yote uliyofanyia kazi. "Ile ndiyo kazi yetu yote, Chebet. Kufika mahali pa kushusha mikono." Nikakuuliza kama wewe umewahi. Ukasema, "Bado. Naogopa." Ukawasha gari.

Hayo nilikuwa nayajua, Mwalimu. Nilikuwa nayajua yote siku ile ya tamasha. Na bado nilitoka kwenye mstari.

Lakini nilijua na mengine. Mwaka ule wa mwisho ulikuwa umeanza kunipikia chai yenye chumvi. Uliniita Anke, halafu ukaniita kwa jina la mke wako. Jumamosi moja ulituanzishia wimbo ambao tulikuwa tumeumaliza dakika hiyo hiyo, na hakuna aliyekwambia, tukauimba tena kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Anke alinivuta kando akasema, "Chebet, mwangalie." Basi nikawa nakuangalia. Mtu ukishaambiwa uangalie, unaona hatari kila mahali.

Ukurasa wa saba ni pale sauti zote nne zinaposhuka polepole, na besi inabaki chini ikiwangoja wengine. Nilikuona ukishusha mikono. Haikuanguka, uliishusha. Au ilianguka polepole? Nimelirudia jambo hili mara nyingi hata sasa sijui nakumbuka mikono yako au nakumbuka kukumbuka kwangu. Watu waliendelea. Mstari mmoja. Wa pili. Hakuna aliyetikisika. Halafu macho ya Mama Ruth yakanigeukia, na leo asikatae, na nikaona hofu ndani yake, nikakumbuka chumvi kwenye chai. Nikatoka. Uliutazama mkono wangu, hukunitazama usoni, ukatabasamu kidogo, ukarudi nyuma nusu hatua.

Mlangoni, watu wakikupa mkono, ulinishika vidole ukasema, "Mapema, Chebet. Mapema kidogo." Mtu akakuvuta mpige picha.

Ni hayo tu. Miaka tisa, na maneno ya mwisho juu ya jambo kubwa kuliko yote ni yale yale uliyotuambia siku ya kwanza. Nilikuja Yamumbi mara mbili kabla hujasafiri. Mara moja ulikuwa unaniuliza mke wako ameenda wapi, na mara ya pili ulikuwa sawa kabisa, unapanga vitabu, unanitania, na mimi mwoga sikuuliza. Ulinipa lile koti. "Kwapa limeachia tena," ukasema. "Hakuna haraka." Linaning'inia hapa nyuma yangu, kwapa bado liko wazi. Mara nyingi nimetia uzi kwenye sindano, nikalishika, nikalirudisha msumarini. Nitashonaje koti la mtu ambaye huenda nilimwibia kitu alichokitafuta tangu ujana wake?

Na nikwambie ukweli mwingine, kwa vile hii ni barua ya wazi. Kuna siku nakukasirikia. Ungesema tu! Mtu akitaka kushusha mikono anawaambia wenzake, "Jamani, ukurasa wa saba nitasimama, msishtuke." Wewe ulitufundisha kungoja, halafu uliponihitaji ningoje hukuniambia. Kama ulikuwa unasikiliza, basi kosa ni lako nusu. Kama ulikuwa umesahau, nisamehe kwa kukugombeza.

Jana kwenye mazoezi tulipita ukurasa wa saba mara tatu na mkono wangu ulikuwa umekauka kama kipande cha mbao. Njoroge akasema, "Chebet, unaongoza ama unasukuma ukuta?" Leo asubuhi nimeamua kitu. Mchana nimekiacha. Sasa hivi nimekiamua tena. Jumapili, ukurasa wa saba, nitashusha mikono. Simwambii mtu, kwa sababu wewe pia hukuniambia. Wakianguka, nitajua kwamba ulihitaji mkono wangu. Wakiendelea, nitajua nilikuibia. Sijui nataka lipi. Naiacha barua hapa.

*

Ni Jumapili, saa kumi jioni. Naandika kwenye benchi nje ya kanisa, na kidole bado kinagonga goti, kwa hiyo mwandiko wangu uvumiliwe.

Koti sikulivaa. Mimi ni mfupi, ningefagia nalo mpaka madhabahuni. Nilikuja na gauni langu jeusi na kijiti chako. Kanisa lilikuwa limejaa, mama yangu ametoka Moiben amekaa mbele, na Anke alikuwa kwenye simu ya mtu, imeegemezwa juu ya kitabu cha nyimbo, ili asikie kutoka huko aliko. Nilishusha mkono, ile nafasi ikapita, wakaingia. Ukurasa wa kwanza nilikuwa bado naosha madirisha. Kufikia wa nne nilisahau kuogopa. Wa sita nikaanza kuogopa upya.

Kisha wa saba. Nikashusha mikono.

Mwalimu, sikujua kwamba mikono ina kelele. Ilipotulia ndipo nikasikia. Nilimsikia Mama Ruth akimngoja mtu wa besi ambaye hata hamsalimii vizuri, anamngoja kwa upole, halafu anamshikia sauti mpaka afike. Nilisikia mahali pangu katika sauti ya pili, pale nilipotoka miaka miwili iliyopita, pakiwa na pengo dogo ambalo wenzangu wamelizoea. Mstari wa kwanza ukapita. Wa pili. Hawakuanguka. Nikawaza, basi, nimejibiwa, nilimwibia. Na nilikuwa nikingoja huzuni inipige, lakini sauti zilikuwa nzuri mno, sikupata nafasi ya kuhuzunika. Nilitaka mstari mmoja zaidi. Mmoja tu.

Ndipo nikaona mkono.

Njoroge alikuwa ametoka kwenye mstari wa besi. Kitabu mkono wa kushoto, na ule wa kulia, mkono wa seremala, unapiga juu chini kama anayepigilia msumari, jasho linamtoka, macho yamemtoka, anawaongoza watu kwa nguvu zake zote kwa sababu aliamini mimi nimepotea. Alikuwa amesema, "Hata mimi ningetoka," na kumbe hakuwa ananitetea tu. Alikuwa anasema kweli.

Sikukasirika. Nataka uelewe hili vizuri, maana mimi ni mtu wa hasira na wewe unajua. Aliniharibia kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusikia, na sikukasirika hata kidogo. Niliuangalia mkono wake ule mbaya, nikawaza, huyu ametoka kwenye mstari mbele ya kanisa zima, ameachilia aibu yake yote, kwa ajili yangu. Nilijisikia nikitabasamu. Na mguu wangu wenyewe, bila kuniuliza, ukarudi nyuma nusu hatua.

Walimaliza na yeye. Mlangoni watu walikuwa wananipa mkono, na Njoroge akaja, bado anahema.

"Pole sana, Chebet. Niliona umekwama, nikasema siwezi kukuachilia hivyo."

Nikamshika vidole. Maneno yakatoka kabla sijayafikiria.

"Mapema, Njoroge. Mapema kidogo."

Nilijisikia nikiyasema. Nilisikia sauti niliyoyasema nayo. Njoroge akashtuka, akanitazama usoni kwa wasiwasi, akauliza, "Kwani umekasirika?" Nami nikaanza kulia pale pale mlangoni, nimemshika vidole, nikatikisa kichwa, sikuweza kumwachilia. Mama Ruth akaja nyuma yetu. Akaniangalia mimi, akamwangalia Njoroge, kisha akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Na wewe Njoroge, sasa umemnyang'anya Chebet kazi yake?" Halafu akanikumbatia kabla sijamjibu. Ni mara ya kwanza kwa miaka miwili.

Bado sijui kama ulikuwa umesahau. Huenda wewe mwenyewe hukujua. Lakini sasa najua mtu anapomwambia mwenzake maneno yale, akiwa amemshika vidole, huwa anajisikiaje ndani.

Nenda salama, Mwalimu. Msalimie mchawi wako wa sauti ya pili. Kesho asubuhi, kabla wateja hawajaanza kunisumbua, nitalishusha koti nilishone kwapa, kwa uzi wangu mweusi, na ule wa hariri na ule wa ngozi nitaziacha kama zilivyo.

Wako,
Bibi fundi, wa sauti ya pili,
Chebet